Mama Karani Aliyesoma kwa Miguu

Nilimfungia Mama Karani chumbani kwa ufunguo. Naanza na hilo kwa sababu majirani zangu wangeanza nalo hata kama mimi nisingetaka, na upumbavu wa mtu afadhali ausimulie mwenyewe, labda atauchonga kidogo pembeni. Nilimfungia mchana kweupe, katika chumba changu cha mbele, na kitabu cha kontabilite, yaani uhasibu, mezani, kikombe cha maji, na ahadi kwamba nitafungua chakula kikiwa tayari. Yeye mwenyewe alikubali. Alikuwa mama mtu mzima, mtoto wake wa kwanza ameshaoa, karani katika biro, ofisi ya mizigo ya reli, na alikuwa ameshaanguka mara moja egzame, mtihani wa kontabla. Mimi nilikuwa fundi wa kushona niliyefika mwaka wa nne wa sekondari, kwa hiyo niliona najua dawa. Nilisema shida yake ni kelele na watu. Mwondolee kelele, mwondolee watu, atasoma.

Nilipofungua, kitabu kilikuwa kwenye ukurasa uleule. Mashini yangu ya kushona, ile inayonilisha, ilikuwa vipande vipande juu ya kitambaa ambacho kesho yake kilitakiwa kiwe suruali ya mtu. Kila skrubu imefutwa, kila kidude kimelazwa karibu na ndugu yake.

"Ilikuwa na buchafu mingi mu tumbo," aliniambia bila kuinua kichwa. "Weye unaitiaka mafuta ya nini? Ya mawese?"

"Na kitabu, Mama?"

"Kitabu iko pale. Haikukimbia."

Aliiunganisha yote kabla ugali haujapoa, na ikashona vizuri kuliko siku niliyoinunua. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake. Kwenye avenyu yetu hapa Kamina, kati ya reli na kanisa la Wametodiste, hakuna aliyemwita kwa jina lake, hata mume wake. Alikuwa Mama Karani. Na mtu akitaka kumwona, asiende kwake. Amsikilize tu: palipo na ndoo inayogongwa, mlango unaorudishwa bawaba, mtoto wa mwingine anayeoshwa kwa nguvu, ndipo alipo. Alikuwa anaanza kufagia uwanja wake asubuhi, na saa nne unamkuta uwanja wa tatu, fagio mkononi, akimweleza mwenye nyumba namna ya kuziba bati. Maharagwe yake yalituambia saa. Yakinukia kuungua, ilikuwa karibu na mchana.

Funguo alizifunga kwa kamba ya gunia akazivaa shingoni, rundo zima, na bado nilimwona akizitafuta chini ya kitanda changu. Siku moja ya mvua alifika kazini, akafungua mfuko atoe mwavuli, akatoa mwiko. Alirudi jioni amelowa, mwiko mkononi, akitusimulia mwenyewe. Hakuwa mtu wa kungoja achekwe. Alikuwa anatangulia kucheka, sisi tunamfuata.

Kanisani hakukaa. Alisimama mlangoni na kikapu cha sadaka, akisema ni kazi yake, na pasta alimwacha kwa sababu siku aliyomkalisha mstari wa mbele alipanga upya vitabu vyote vya nyimbo wakati wa mahubiri, vikubwa chini na vidogo juu, mpaka watu wakawa wanaangalia vitabu badala ya pasta.

Lakini mtu akifa, walimwita yeye. Nyumba inalia, watu wanakuja kutoka Mulongo na Kabondo-Dianda, hakuna maji, hakuna mahali pa kulala, ndugu wawili wanataka kupigana juu ya jeneza: hapo Mama Karani alikuwa anapoa kama chungu kilichotolewa motoni. Sauti yake ilishuka. Alisema, "Weye, maji. Weye, kuni. Beye babili, inje." Na hao wawili walitoka nje. Nilimwuliza siku moja inakuwaje kichwa chake kinatulia wakati vyetu vinachanganyikiwa. Alisema, "Siku ile bantu bote banakuwa sawa na minyi. Njo ninapumzika." Minyi ni mimi, na njo ni ndipo.

Tangu shule walimwita kichwa ya ndeke. Walimu, dada zake, baadaye mashefu wa biro. Ndeke ni ndege, anayetua na kuruka. Alilitaja jina hilo kwa mchezo, lakini niligundua kwamba hakuwahi kulitaja akiwa amechoka. Siku hizi nasikia redioni kwamba madaktari wamekipatia jina kichwa cha namna hiyo, kwamba si uvivu wala ukorofi, na kwamba mtu mzima naye anaweza kuwa nacho. Wakati ule hatukuwa na jina. Tulikuwa na shauri tu, na shauri lilikuwa lilelile: kaa chini.

Ile egzame haikuwa ya urembo. Miaka ile ya tisini mishahara ya reli ilikuja kama mvua ya mwezi wa saba, na biro ilikuwa imesema wazi: watapunguza watu, na katika kontabilite atabaki mwenye diplome tu. Egzame ilifanyika Lubumbashi. Asiyefaulu, nyumbani. Basi alikuwa anapigania kazi yake. Lakini nadhani alikuwa anapigania pia lile jina la ndeke. Aliniambia mara moja, akiwa anakata vifungo vya shati ambalo sikumwomba akate: "Fundi, minyi ninataka kujua kama hii kichwa ilivunjika, ao kama hakuna mutu alinionyesha mulango yake."

Mara ya kwanza alianguka hivi: alijibu ukurasa wa mbele vizuri sana, akaona amemaliza, akatoka kwa furaha. Karatasi ilikuwa na upande wa pili. Mara ya pili hakufika. Treni ilisimama kwenye gare, stesheni ndogo ya njiani, akashuka kununua ndizi, akamkuta mwanamke ambaye mtoto wake amekwama kidole kwenye tundu la chupa. Alikitoa kidole. Treni ilikwenda. Alirudi Kamina juu ya mabehewa ya mahindi, ndizi bado anazo, akatugawia.

Mume wake, mtu wa breki za treni na wa maneno machache, alisema, "Sasa tunajua bei ya ndizi."

Baada ya hapo ndipo alipokuja kwangu na mpango. Nasema wazi kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Sijapita Bukama, na Bukama yenyewe nilikwenda kwa sababu ya mazishi, nikarudi kabla ya chakula cha matanga. Watu wanaonipenda wananiita mtulivu. Mama Samaki, jirani yangu wa kushoto anayeuza samaki wakavu wa Kinkondja, ananiita kuku aliyelalia mayai. Mama Karani alisimama mbele ya veranda yangu, akanitazama kama anayepima kitambaa.

"Mungu alikupatia makalio ya kukaa," alisema. "Minyi alininyima. Nikopeshe."

"Namna gani, Mama?"

"Weye kaa tu. Shona. Minyi nitatembea hapa nikisoma. Usiniambie kitu. Usinifungie mulango."

Ndivyo tulivyofanya. Nilishona, yeye alitembea verandani kutoka nguzo mpaka nguzo, kitabu mkononi, midomo ikienda. Mashini ikilia, kichwa chake kilibaki njiani. Mashini ikinyamaza, alisimama, akatazama angani, akaona bati langu limelegea. Kwa hiyo nilijifunza kutonyamaza. Wakati ule hakukuwa na nguo za kushona, nani anashona watu wakila mara moja kwa siku? Nilikanyaga mashini bila uzi, bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka katika hewa. Mama Samaki alichungulia juu ya ua.

"Fundi, unashona nini ile?"

"Egzame ya Mama Karani."

"Itamufika ku magoti," alisema, akarudi kwa samaki zake.

Kwa nambari za akaunti aliutumia mtaa. Kontabilite ya kwetu ina akaunti zilizopangwa kwa mafungu: mtaji mbele, kisha vitu visivyohama, kisha bidhaa za stoo, kisha watu wa nje, kisha pesa, na kuendelea. Kwenye karatasi zilimtoroka. Basi alizipeleka kwenye avenyu na kuzipa nyumba. Mjane wa pasta wa zamani, aliyefika hapa kabla yetu sote, akawa Kapitali. Mashinisti mstaafu aliyepooza miguu akawa kitu kisichohama, na alifurahi sana, alisema hajapata cheo tangu aache treni. Mama Samaki akawa Stoki. Nyumba ya wapangaji, wanaokuja na kwenda, ikawa watu wa nje. Ile nyumba ya pili kabla ya kanisa, ambako mapato yalitoka katika chupa ambazo sisi Wametodiste hatuzioni, ilipata fungu lake vilevile, maana mapato ni mapato. Mimi nikawa Kese, yaani sanduku la pesa la biro.

Nilidhani ni heshima. Akanieleza: "Kese inakaaka fasi moja. Na Kese haitoake kile haina." Hiyo ni sheria ya kontabilite kweli, sanduku haliwezi kutoa zaidi ya kilichomo. Lakini alikuwa anaitumia kila nilipoahidi kitu. Nikisema nitamwita fundi wa bati kesho, alitikisa kichwa: "Kese, Kese."

Asubuhi alipokwenda kazini alipita nyumba kwa nyumba akisalimia kwa nambari. Watoto walimfuata wakiimba mafungu. Mpaka leo kuna kijana mkubwa hapa ambaye hajui kontabilite hata chembe, lakini ukimwuliza bidhaa za stoo ni fungu la ngapi, atakujibu haraka kuliko tarehe ya kuzaliwa kwake.

Kisha vita ilifika. Mwaka ule askari wa serikali ya zamani walikuwa wanakimbia, na njiani walichukua kila chenye gurudumu na kila chenye mfuniko. Habari ilipanda na reli kabla yao. Watu wa avenyu yetu walivuka njia ya treni, wakaingia mihogoni, kila mmoja na kifurushi chake na kelele yake. Yaliyofuata nilihadithiwa, kwa sababu mimi sikuwapo, na hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Wanasema mihogoni palikuwa na kilio na kuitana, mama anatafuta mtoto aliye mgongoni mwake. Mama Karani alisimama katikati, sauti ikashuka. Alianza mwanzo wa avenyu.

"Kapitali."

"Eyo vidye," aliitikia mjane wa pasta, kwa adabu ya Kiluba, hata pale.

Mashinisti aliitikia kutoka kwenye baiskeli waliyombebea. Mama Samaki akasema, "Niko." Wapangaji wakajihesabu. Kisha:

"Kese."

Watu wakageuka kutafuta.

"Kese."

"Ule hakutoka," alisema Mama Samaki. "Ule hatokake."

Wanasema Mama Karani aliweka kifurushi chake chini na kurudi alikotoka.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mashini, mguu juu ya kanyagio. Nilikuwa nimejiambia kwamba askari naye anavaa suruali, kwamba fundi ana kazi katika kila serikali. Nilijiambia pia kwamba mashini ni nzito, na imefungwa kwenye meza yake, na bila mashini mimi ni mtu gani? Nilikuwa na sababu nyingi. Nilizipanga vizuri sana, nikiwa nimekaa.

Aliingia bila kubisha.

"Unafanya nini?"

"Ninakaa."

"Kukaa unajua. Leo haina kazi. Simama."

"Na mashini?"

Alinitazama, akatazama mashini. Akachukua rundo la funguo shingoni, akachagua ufunguo mmoja bapa, akapiga goti chini ya meza. Siku ile niliyomfungia alikuwa ameshajua njia zote za ndani ya mashini yangu. Hakutafuta, hakuuliza. Skrubu mbili za bawaba, mkanda wa gurudumu, kichwa cha mashini kikatoka kama jino bovu. Alikifunga katika kitenge, akakitia kichwani kwake.

"Sasa," alisema, "mashini inakwenda ku mihogo. Weye unabakia na meza, ao unafuata mashini yako?"

Nilifuata mashini yangu. Tulitokea nyuma, kupitia ua wa Mama Samaki. Tulipokuwa tunavuka reli tulisikia mlango wa kwanza wa avenyu yetu ukivunjwa kwa kitako cha bunduki. Yeye mbele, shingo imenyooka chini ya chuma kile, midomo ikienda. Nilidhani anasali. Niliposogea karibu, alikuwa anasoma mafungu ya akaunti, moja moja, mpaka mwisho, bila kupotea.

Tuliporudi, meza ya mashini ilikuwa imefanywa kuni za kupikia chakula cha mtu. Kiti changu walikiacha katikati ya uwanja. Avenyu ya nyuma kulikuwa na mzee aliyekataa kuacha baiskeli yake. Tulimkuta alipokuwa, baiskeli haipo. Tulimzika sisi, na Mama Karani alipanga maji na kuni.

Serikali mpya ilikuja na biro ikafunguliwa tena, na maneno ya biro yalikuwa yaleyale: diplome ao nyumbani. Seremala alinitengenezea meza nyingine. Tukaanza tena, yeye nguzo kwa nguzo, mimi nikishona hewa. Siku zilipokaribia alinijia.

"Fundi, twende weye na minyi Lubumbashi. Utakaa inje ya salle ya egzame. Paka kukaa tu."

Hapa ningependa kuandika kwamba nilikwenda. Nilimwambia Kese inakaa mahali pamoja, kontabilite imesema. Nilitumia sheria yake mwenyewe. Hakukasirika. Alitazama mguu wangu juu ya kanyagio, akautazama sana.

"Basi nitabeba mashini mu mguu," alisema.

Aliondoka kwa treni. Mume wake alimwambia asinunue ndizi. Na nyuma yake vita ya pili ilianza, treni zikakatika, barua zikakatika, ndege za askari zikawa zinatua kule base, kambi ya ndege, na kuruka mpaka kuku wakazizoea. Hatukujua kama alifika, kama alifanya egzame, kama yu hai. Mtu mmoja alisema amemwona Likasi akiuza chumvi. Mwingine alisema amekufa. Mume wake alizima moto wa maharagwe kila siku kabla hayajaungua, akasema nyumba haina harufu. Mimi, asubuhi, nilikanyaga mashini kidogo bila uzi. Mama Samaki aliona, akageuza samaki zake.

Kisha siku moja treni ilifika, na saa moja baadaye tulisikia ndoo ikigongwa kwa Mama Samaki.

Alikuwa amekonda. Kapu moja, kiatu cha kushoto cha rangi nyingine. Alikuwa anageuza samaki na kuuliza kwa nini wamewekwa hivyo, jua linapiga upande mmoja tu. Akaja kwangu, akainama kwenye mashini, akaitia mafuta kutoka chupa aliyotoka nayo Lubumbashi. Mafuta ya kweli. Huku akitia alitusimulia juu ya dada yake aliyemlaza jikoni, juu ya treni, juu ya askari aliyesafiri na mbuzi na kumkatia mbuzi tiketi. Tulimsikiliza tukingoja. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Mtu anayerudi amekonda na kimya juu ya jambo, unaliacha jambo. Mume wake alifika, akamshika mkono, akauliza kama amekula. Nikasema moyoni: ameanguka tena, basi.

Akaaga. Alifika langoni, akarudi hatua mbili, kama aliyesahau mfuko.

"Ah. Ile egzame. Nilifaulu."

"Lini?" niliuliza.

"Zamani. Mbele ya treni kukatika." Alishangaa kuona tunavyomkodolea macho. "Sikubaambia?"

Ndipo alipoeleza. Ndani ya salle mguu wake ulianza kukanyaga chini ya meza, taratibu, kama wangu. Msimamizi akaja: Mama, mguu. Akajaribu kuuzuia, kichwa kikaruka. Ukaanza tena. Mwishowe walimhamisha nyuma kabisa, peke yake, karibu na mlango uliokuwa wazi, ili asisumbue wengine. Na nje ya mlango kulikuwa na barabara yenye nyumba. Akaziangalia nyumba za watu asiowajua, akatukalisha sisi mlemle, mmoja mmoja. Akakanyaga mpaka mwisho.

"Na nikageuza karatasi," alisema. "Nilikuwa wa mwisho mu baliofaulu. Lakini wa mwisho wa baliofaulu iko mbele ya bote balioanguka, ao hapana?"

Mume wake alicheka, mtu yule, mpaka akashika ua. Mimi nikizidiwa na furaha huwa natania. Nilisema, "Mama, kichwa chako kingekuwa cha kukaa kama changu, ungefaulu mara ya kwanza, na sisi tungepumzika."

Alifungua mdomo kunijibu, lakini alikuwa ameshaliona bati langu, lile la siku zote, na alikuwa anatafuta kitu cha kupandia. Aliyejibu ni Mama Samaki, akigeuza samaki zake, bila kututazama.

"Fundi," alisema, "kama ule alikuwaka mutu wa kukaa, weye ungeshaoza zamani."